Mgonjwa Asiyeumwa

Siku za mtihani Bi Chozi alianza kuumwa tangu nyumbani. Alisimama mbele ya beseni, akanawa uso bila kuupaka chochote, akayaacha mabega yashuke kidogo kidogo. Kisha akatafuta mahali pa kukiweka kile kichwa kinachouma. Safari hii alikiweka juu ya jicho la kulia, karibu na nywele, pale ambapo mkono huenda wenyewe bila kutumwa. Alipotoka bafuni alikuwa mwanamke mwingine, mwenye shinikizo la damu na usiku usiokwisha.

"Leo tunaumwa nini?" akauliza mdogo wake kana kwamba hajui, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Kichwa. Na usingizi umenihama."

"Pole sana. Miguu je, inatembea? Maana basi halingojei wagonjwa."

Mdogo mtu alikuwa mjane na fundi wa kushona, na mtaa mzima ulimwita Pini. Alizibana pini midomoni akiwa kazini, na alipozitoa ili aseme, yaliyofuata yalichoma kuliko zile zilizotangulia. Wawili hao walikuwa wameishi pamoja miaka mingi katika nyumba ya kona waliyoachiwa na mama yao, mmoja akishona nguo za watu, mwingine akivaa maisha ya watu.

Jina la Bi Chozi nalo hakupewa na mama yake. Alipewa na watazamaji, enzi zile televisheni ilikuwa moja kwa mtaa, na kila Alhamisi jioni majirani walijazana kwenye sebule ya mwenye nayo, watoto mbele kwenye zulia, wakubwa nyuma, wengine dirishani. Aliigiza mke ambaye mumewe alitoka kwenda kununua kiberiti asirudi. Msimu baada ya msimu alimtafuta. Watu walimsimamisha barabarani kumpa habari: "Mama, mumeo nimemwona kituo cha mabasi, ameota ndevu." Muuza nyanya mmoja hakutaka kabisa pesa yake, alisema mkono wake hauwezi kupokea kitu kutoka kwa mwanamke aliyetelekezwa.

Mwongozaji wa mchezo ule alikuwa na kamera moja nzuri, na kamera hiyo ilikaa upande wa kushoto. Kwa hiyo alipotaka uchungu alinyoosha kidole na kupaza sauti: "Kushoto! Fungua!" Jicho la kushoto likafunguka, la kulia likabaki kavu likingoja zamu yake. Mafundi wa taa walipiga makofi. Alikuwa kijana bado, na alidhani hicho ndicho kipaji. Ilimchukua muda mrefu kuelewa kwamba bomba likisifiwa, kinachosifiwa ni maji.

Maana kila aliyemwita baada ya hapo alimwita aje kulia. Aliomba kuigiza hakimu, wakacheka. Aliomba kuigiza mlevi, mwizi, mwanamke mwenye furaha zake, wakamwambia, "Mama, watu wamekuzoea ulivyo." Akapata filamu moja ya maana, moja tu, akaifanyia kazi hadi sauti ikakauka. Siku ya kuonyeshwa alivaa gauni jipya, akakaa safu za mbele na mdogo wake, na kuanzia mwanzo hadi mwisho akauona mkono wake tu, ukimimina chai. Uso walikuwa wameukata.

"Mkono umeigiza vizuri," Pini alimwambia wakati wa kurudi, na wakacheka mpaka wakashika ukuta wa watu. Kisha Pini akambebea mkoba hadi nyumbani.

Na ile michezo ya Alhamisi? Kanda zilikuwa chache na mpira ulikuwa mwingi. Kituo kilirekodi mechi juu ya mchezo, wiki baada ya wiki, mpaka ukaisha. Popote alipokuwa yule mume aliyepotea, sasa juu yake kulikuwa na watu ishirini na wawili wakifukuzana. Hapakubaki hata dakika moja ya kumwonyesha mtoto wa mtu kwamba bibi huyu wa nyumba ya kona aliwahi kunyamazisha sebule nzima nzima. Waliokumbuka walizidi kupungua, na wengine aliwasindikiza mwenyewe makaburini. Kazi ya mwisho aliyoipata kwenye kamera ilikuwa tangazo la dawa ya kuchua, ameshika kiuno, anatabasamu.

Ndipo chuo cha udaktari kilipomwita. Chuo hicho kiliajiri watu wazima kuigiza wagonjwa, ili wanafunzi wajifunze kuuliza na kusikiliza kabla ya kukabidhiwa watu wanaoumwa kweli. Ni kazi isiyo na jukwaa. Kengele inalia, mwanafunzi anaingia, anazungumza nawe. Kengele inalia, anatoka, anaingia mwenzake, nawe unaanza upya kana kwamba hujawahi kuulizwa neno. Profesa aliyeisimamia, mwanamama mrefu mwenye viatu visivyo na sauti, alimpa kanuni siku ya kwanza.

"Mama, hapa hatutafuti onyesho bora. Anayeingia wa kwanza na anayeingia wa mwisho wakute mgonjwa yuleyule. Ukimpa mmoja zaidi, umemwibia mwenzake."

Kwa mara ya kwanza maishani mwake mtu alimwambia afunge. Alirudi nyumbani amenuna. Juma lililofuata alikuwa ameanza kuipenda ile kazi, na hakumwambia mtu, kama msichana anayeficha barua. Aligundua kwamba ugonjwa uliofichwa ni mgumu kuuigiza kuliko ugonjwa uliowekwa wazi. Unapaswa kuubeba wote, kamili, hadi vidoleni, kisha usiutoe. Alikuwa na wagonjwa wengi ndani yake sasa: mwenye kisukari anayedanganya kuhusu sukari, mama mkwe asiyetaka kuvuliwa viatu, mlevi. Ndiyo, mlevi. Hatimaye alimpata.

Jioni ya kuamkia mtihani huu wa leo, simu ilikuwa imeita.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

Alikuwa mwongozaji wa filamu, kijana aliyeipata namba yake kwa binti wa Pini. Alisema utotoni alikaa kwenye zulia la jirani akilia pamoja naye kila Alhamisi. Sasa ana filamu yake mwenyewe, na mhusika mkuu ni bibi. "Filamu nzima yeye, mama. Hakuna picha ambayo hayumo."

Bi Chozi alikaa chini. Pini alisimamisha cherehani.

"Nimebakiwa na watu wawili, wewe na mwenzako mmoja. Kesho jioni nasafiri, na lazima nitoe jibu kabla sijapanda ndege. Sitaki uje kunisomea karatasi, mama. Ukimwomba mtu aigize, anakuigizia wewe. Nimesikia kesho una kazi chuoni. Nimempigia profesa, ameniruhusu nikae nyuma ya kioo mpaka saa sita."

"Kule hatuigizi hivyo unavyodhani, mwanangu."

"Najua. Nataka tu kuona kama yale machozi bado yapo. Mara moja. Nikiyaona, kazi ni yako."

Simu ilipokatika Pini alikuwa ameshaanza kucheza katikati ya vipande vya vitambaa, futi ya kupimia ikimning'inia shingoni. "Mara moja tu! Dada, wewe machozi unayo ya kumwagilia bustani. Juzi si umelia kwa sababu ya tangazo la sabuni?"

"Lile tangazo lilikuwa baya."

"Basi kesho mkumbuke yule wa sabuni!"

Bi Chozi alimweleza jinsi mgonjwa wa kesho alivyo. Ni mwanamke anayekuja kwa ajili ya kichwa. Ukweli ni kwamba ameacha dawa za shinikizo la damu tangu mwanawe alipofariki, na hatalisema hilo. Atalisema kwa daktari mmoja tu: yule atakayemuuliza kama kuna jambo jingine, kisha akanyamaza na kungoja. Asiyengoja asiambiwe, hata awe mwerevu namna gani. Na chozi likionekana kabla ya hapo, mwanafunzi amepewa jibu mkononi.

"Si atapita hata mmoja anayengoja?" Pini aliuliza. "Katika watoto wote hao wa watu?"

"Atapita," alisema dada mtu, na alikuwa na hakika.

Chumba chake chuoni kilikuwa na kitanda chenye godoro la mpira, viti viwili, sinki lenye kikombe pembeni, na kioo kilichojaza ukuta mzima. Upande wa pili kioo hicho kilikuwa dirisha. Profesa na wageni wake walikaa huko gizani wakimwona. Yeye alijiona mwenyewe. Mwanzoni alikichukia. Kila alipoinua macho kutafuta watazamaji, alikutana na shingo iliyolegea, na mifuko chini ya macho ambayo machozi ya miaka yote yale yalikuwa yameichimba. Hadhira yake yote sasa ilikuwa na sura yake.

Milango ilipofungwa, ilikuwa imefungwa. Wagonjwa hawakutoka wala kuzungumza na mtu hadi mwanafunzi wa mwisho amalize, wasije wakavujisha mtihani. Hata chai ililetwa na karani aliyeapishwa kunyamaza. Wala hakuweza kulia katikati ya kengele na kengele, chumba kikiwa kitupu. Macho yake yakishalia hubaki mekundu mpaka jioni, na anayefuata angeyasoma. Kama ni kulia, ingekuwa mbele ya mwanafunzi, na kwa haki yake.

Nyuma ya kioo kiti cha chuma kilivutwa, mtu akakohoa kikohozi cha kiume. Amefika.

Kengele ikalia.

Aliingia binti mwenye sauti nzuri na maswali yaliyopangwa kama vyombo kabatini. Kinauma upande gani? Kinagonga au kinabana? Tangu lini? "Kuna jambo jingine mama? Hakuna, eeh?" Alikuwa ameshaandika.

"Kichwa tu, daktari," alisema Bi Chozi.

Akaja kijana aliyemweleza kuhusu mishipa ya damu hadi kengele ikamkatiza. Akaja mwingine aliyefundishwa kuwa mgonjwa hushikwa mkono. Akaushika, akahesabu kimoyomoyo huku midomo ikicheza, akaurudisha mahali pake kama kitu cha kuazima. Akaja mmoja aliyeuliza "kuna jambo jingine?" akiwa amesimama mlangoni. Kila mmoja Bi Chozi alimpa mwanamke yuleyule, mkono ukipanda pale pale juu ya jicho, sauti ikishuka pale pale. Kichwa tu, daktari. Kila safari yule mwanamke aliinuka ndani yake, akasogea hadi mlangoni, akangoja afunguliwe, akarudi kukaa.

Nyuma ya kioo kiti kililia. Mtu alikuwa anabadilisha mguu.

Jua la dirisha dogo lilipokuwa limehama ukutani, aliingia kijana mtanashati, mwepesi, wa wale ambao walimu huwataja kwa jina. Alikaa karibu. Aliuliza taratibu. Kisha akainamisha kichwa kidogo, akasema, "Mama, kuna jambo jingine linalokusumbua?" na akanyamaza, akamtazama usoni.

Bi Chozi alisikia kitasa kikizungushwa ndani yake. Yule mwanamke alikuwa tayari mlangoni. Chozi lilikuwa limeshaanza safari, moto wake ukipanda puani.

Kijana akaitazama saa yake.

Aliitazama kwa pembe ya jicho tu, jambo dogo kabisa. Lakini lilikuwa limetokea, na wote wawili walijua. Chozi lilikuwa palepale kwenye ukingo. Angeweza kuliachia. Nani angemlaumu? Kijana aliuliza vizuri, angepata alama zake. Na nyuma ya kioo mtu angeinuka kwenye kiti cha chuma na maisha yake yangeanza tena, katika umri ambao wenzake wanauzoea ukuta wa nyumba zao. Hakuna picha ambayo hayumo. Alitamani. Tusimpambe: alitamani kama mtu mwenye kiu anavyotamani, kwa koo.

Lakini yule mwanamke alikuwa amesimama mlangoni na hakuna aliyemngoja. Kama chozi lingetoka sasa, lingekuwa limeitwa na mtu aliye nyuma ya kioo. Kushoto, fungua. Na watoto wale wote walioingia kabla na kutoka mikono mitupu, angewaambia nini, kwamba leo mgonjwa alikuwa na miadi yake?

Aliubana ulimi kwenye kaakaa, akavuta pumzi kwa pua, akatazama dari kama mtu anayejaribu kukumbuka. Chozi likarudi lilikotoka. Anayejua kazi hiyo anajua kuwa kulirudisha huumiza kuliko kulitoa.

"Kichwa tu, daktari."

Kengele.

Alikuwa akinywa maji ya sinki, katika ile nafasi ya kupumua, aliposikia kiti cha chuma kikisukumwa nyuma, viatu, sauti mbili zikinong'ona, mlango. Hakuhitaji kuambiwa. Aliinua uso, na mle kiooni akamwona bibi mmoja ameshika kikombe, anamtazama, na yule bibi naye alikuwa ameelewa.

Angeweza kuharibu hapo. Wengi wangeharibu. Waliobaki hawakuwa na mtazamaji tena isipokuwa profesa na kalamu yake. Bi Chozi aliweka kikombe, akakaa, akakirudisha kichwa kinachouma mahali pake juu ya jicho la kulia, karibu na nywele. Waliofuata walimkuta vilevile.

Wa mwisho alikuwa kijana mkubwa wa mwili, mikono ya koti imeishia katikati ya mikono yake, jasho limeizunguka shingo. Aliangusha kalamu kabla hajaketi. Aliuliza kichwa kinauma tangu lini, akajibiwa, akauliza tena tangu lini.

"Juma la tatu sasa, daktari. Bado ni la tatu."

"Ndiyo. Samahani. Ndiyo." Akaiokota kalamu. "Mama... kuna... kuna jambo jingine?"

Na hapo kila kitu kikamtoka. Ilionekana wazi, kama maji yanavyoonekana yakiishia kwenye tundu la sinki. Midomo ilitafuta swali linalofuata, haikulikuta. Akaitia kalamu mfukoni. Akaweka mikono juu ya magoti. Akabaki kumtazama.

Bi Chozi aliujua ukimya huo. Aliwahi kusimama ndani yake ujanani, jukwaani, maneno yamemkimbia na ukumbi mzima unamtazama. Ni ukimya wa mtu aliyepotea. Je, huo ni kungoja? Alipima haraka, kwa uaminifu, kama anavyopima mtu asiye na cha kupata tena. Kanuni ilisema aulize, anyamaze, angoje. Haikusema anyamaze kwa sababu gani. Na kijana huyu hakuandika, hakutazama saa, hakutazama mlango. Amepoteza yote aliyoyakariri, na kilichobaki mbele yake ni mwanamke mmoja anayeumwa.

Ukimya ukaendelea. Yule mwanamke akafungua mlango mwenyewe, akatoka.

"Dawa nimeacha," alisema.

Kijana hakusogea.

"Za presha. Nimeacha tangu mwanangu..." Alilainisha sketi yake magotini, akailainisha tena. "Alikuwa ananipigia simu kila asubuhi. Hasemi umeamkaje, hasemi nini. Anasema, 'Mama, umemeza?' Mimi namwambia nimemeza, hata kama bado, halafu ndiyo nameza. Kila siku. Mpaka nikawa nakereka, namwambia mimi si mtoto." Akacheka kidogo, kicheko kisichokwenda mbali. "Sasa hakuna anayeuliza. Nikimeza bila kuulizwa, daktari, si ndiyo itakuwa kweli?"

Sababu hiyo aliitafuta mwenyewe, kwenye foleni na jikoni na usingizini, kwa kuwa profesa alimwambia, "Sababu ni yako, ila ukiipata usiibadilishe." Aliipata siku nyingi zilizopita, na leo ndiyo mara ya kwanza kutoka. Hakupaza sauti. Hakushika kifua. Macho yote mawili yalijaa, bila zamu, yakamwagika, naye hakuyafuta, kwa sababu mwanamke yule alikuwa hajui kama analia.

Kijana alitulia kitini. Jasho lilikuwa limekoma. Alipofungua mdomo, swali lake halikuwa kwenye karatasi ya mtu yeyote.

"Alikuwa anapiga saa ngapi?"

"Kabla hajapanda basi kwenda kazini. Nasikia kelele za kituo nyuma yake."

Akaitikia kwa kichwa polepole, kana kwamba naye anazisikia. Halafu akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu wa nyumbani:

"Mama, leo umemeza?"

Miaka yote ya kazi ile, na miaka ya Alhamisi kabla yake, hakuna aliyewahi kumrudishia mchezo namna hiyo. Kwa muda Bi Chozi hakujua ni nani kati yao, yeye au yule mwanamke, atakayejibu.

"Bado," alisema mmoja wao.

Kijana aliinuka na mwili wake wote, akaenda kwenye sinki, akajaza kikombe maji. Hakuwa na kidonge. Alikuwa amesimama hapo katikati ya chumba, ameshika kikombe kwa mikono miwili, kengele ilipolia.

Profesa aliingia akiwa amechelewa kidogo, leso mkononi.

"Mafua," alisema kabla hajaulizwa. "Mtahini haruhusiwi mambo mengine." Akakaa kwenye kiti cha daktari, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mgeni wako aliondoka saa sita, mama. Amesema unajua kazi, haina ubishi. Ila filamu yake inataka mtu mwenye moto."

"Nilisikia kiti."

"Nilimwambia abaki kidogo. Akasema ana ndege."

"Ana ndege, ndiyo." Bi Chozi alikuwa anafuta uso kwa maji ya sinki. "Yule kijana amefaulu?"

"Siruhusiwi kukuambia." Profesa akainuka, akafika mlangoni, akageuka. "Ningekuwa naumwa, ningetaka aje yeye. Hilo naruhusiwa."

Bi Chozi hakuwa malaika. Njia nzima ya kurudi nyumbani alimlaani kijana mwenye saa, akamlaani profesa na kanuni zake, akajilaani mwenyewe kwa majina ambayo hawezi kuyarudia mbele ya watu. Chini ya mti wa kituo alitoa simu, akaitafuta namba ya mwongozaji, akaitazama. Angemwambia nini? Mwanangu, ungekaa kidogo? Akairudisha simu mkobani. Alipokuwa akivuka barabara mwanamke mmoja wa makamo alimtazama mara mbili, akaonekana kutaka kusema neno, kisha akaendelea na safari yake.

Nyumbani Pini alikuwa amefagia vipande vyote vya vitambaa, amepika, amevaa. Alimsoma dada yake usoni tangu mlangoni, akayaona macho mekundu, akapiga kofi.

"Umelia! Mungu mkubwa! Umelia, macho hayo hapo!"

"Nimelia."

"Nilisema! Nilisema mimi!"

"Alikuwa ameshaondoka, mdogo wangu."

Pini alikaa polepole kwenye kiti cha cherehani. Bi Chozi alimsimulia yote, yule wa maswali ya kabatini, wa mishipa ya damu, wa saa, hadi wa kikombe. Pini alisikiliza bila pini hata moja mdomoni, na bado alionekana kama anazibana.

"Dada. Ungemlilia hata yule wa saa. Chozi moja! Chozi ni maji na chumvi, vyote vipo jikoni!"

"Lisingekuwa lake."

"La nani?"

"La yule mama."

"Mama gani? Hayupo! Umemtunga mwenyewe, mbele ya beseni langu, maji yanamwagika!" Aliinuka, akazunguka meza, akarudi. "Maisha yako yote umetafuta picha moja ambayo hawakukati. Moja! Unaletewa mlangoni, unasema asante, leo nina mgonjwa!"

Bi Chozi alipakua chakula, kwa kuwa lilikuwa kweli. Walikula. Sahani ziliongea peke yake. Halafu Pini, ambaye hasira yake haikuwahi kumaliza mlo, akasukuma sahani pembeni.

"Haya. Nionyeshe. Mimi ndiye daktari." Akajinyoosha, akaweka futi ya kupimia shingoni vizuri kama kile chombo cha kusikilizia moyo. "Mama, unaumwa nini?"

Mkono wa Bi Chozi ulipanda wenyewe juu ya jicho. "Kichwa tu, daktari."

"Kuna jambo jingine?"

Na Pini akanyamaza. Alinyamaza kwa bidii, mikono magotini, mashavu yamevimba kwa maneno. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Bi Chozi alimtazama huyu mwanamke aliyekaa pembeni yake safu za mbele siku ya ule mkono, na ndani yake yule mama aliinuka, akaanza kusogea kuelekea mlangoni.

"Sema basi, chai inapoa!" Pini akapasuka.

Bi Chozi alicheka. Alicheka mpaka akainamia meza, mpaka akakosa pumzi, na kile kicheko kilipofika mwisho wake kiligeuka chenyewe, bila kuombwa na mtu, mabega yakatikisika kwa namna nyingine kabisa.

"Sasa ndiyo unalia!" Pini alipiga kelele, akishika kiuno. "Sasa! Ndege imeshapaa!" Kisha akavuta kiti chake karibu, akakaa, na safari hii hakusema kitu.